Geji Ilisema Ishirini

Mjomba wangu alipoteza kazi ya unahodha kwa sababu ya tundu lisilopitisha njiti ya kiberiti. Yeye hakujua kuwa tundu hilo lipo. Aliyemfukuza hakujua pia. Mimi nililiona miezi minne baadaye, nikiwa nimelala chali kwenye mchanga chini ya boti, simu mdomoni kama tochi, nikimtafutia mjomba utetezi ambao hakuna aliyeniomba.

Kwetu ni Kibimba, Ngara. Kwa asiyefika huko: ni nchi ya vilima, migomba, kahawa na maharage, na ziwa hakuna. Mtoto wa Kibimba akijua kuogelea, basi amejifunzia ugenini. Mjomba alishuka ziwani miaka ya tisini, akapitia Nyakahura, Lusahunga na Biharamulo mpaka upande wa Chato, ambako wakati ule bado kulihesabiwa kuwa wilaya ya Biharamulo. Njia hiyo ilikuwa ya mapori, na kwa miaka mingi mabasi yalisubiriana ili yasindikizwe na polisi kwa hofu ya majambazi. Alianza kwa kuvuta nyavu za dagaa, akapanda mpaka kushika mashine, na alipofika miaka arobaini na kitu watu wakawa wanamkabidhi boti zao.

Boti ya kisa hiki ilikuwa ya faiba, ya mtumba, yenye dashibodi. Kule ziwani dashibodi ni fahari. Mitumbwi mingi ya mbao inaendeshwa kwa mkono ulioshika mpini wa mashine na sikio linalosikiliza mlio. Hii ilikuwa na usukani na geji tatu, mojawapo ya mwendo. Mwenye boti aliipenda sana geji hiyo. Alimpa mjomba funguo na agizo moja: usiku usivuke 20. Alikuwa anafikiria mafuta kuliko usalama, lakini agizo ni agizo.

Usiku mmoja wa Juni 2020 mjomba alitumwa kumchukua mama mwenye uchungu kwenye kambi ya wavuvi kisiwani, kilomita kama 24 kutoka mwaloni kwao, si mbali na Muganza. Mvua ilikuwa inanyesha, mwezi hakuna, na simu yake ilikuwa kitochi. Ilikuwa wiki yake ya kwanza na boti ile. Akafanya hesabu ya mabaharia wote: mwendo mara muda. Kwa 20 kwa saa, kilomita 24 ni dakika 72. Akapanga akae kwenye 20, na ikifika dakika ya 60 apunguze, aanze kutafuta taa za mwaloni polepole. Dakika ya 42 boti ikapanda mwamba.

Mama yule alijifungua salama alfajiri, nchi kavu, baada ya kuchukuliwa na mtumbwi wa watu waliosikia kelele. Mtoto leo anakimbia. Nalisema hili mapema ili usisome ukiwa roho juu. Boti ndiyo iliyoumia: tumbo lilichanika na mguu wa mashine ukapinda.

Mjomba huwa anakunywa. Siwezi kumpamba. Wote pale mwaloni walilijua hilo, kwa hiyo kikao kidogo cha asubuhi hakikuchukua muda. Alilewa, alikimbiza boti, alipitiliza. Yeye alijitetea kwa sentensi moja, akairudia mpaka watu wakachoka: "Geji ilisema ishirini." Wakacheka. Jioni alipanda gari la kurudi Ngara.

*

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi wa magari. Kuhusu boti nilijua machache, ila mwenye boti aliponiona nimekuja kuuliza, alikubali niishike kwa sababu sikutaja bei. Mguu wa mashine ulikuwa umekwisha kunyooshwa na fundi mwingine. Geji hakuna aliyeigusa.

Nilipoifungua dashibodi nilishangaa. Nilitegemea waya, kama kwenye gari. Nyuma ya geji ya mwendo kulikuwa na waya wa taa tu, na mpira mwembamba kama wa dripu ya hospitali. Nikaufuata ule mpira chini ya sakafu, ukatokea nyuma, ukaingia kwenye mashine, ukashuka ndani ya mguu wake. Mwisho wake ulikuwa ukingo wa mbele wa mguu, mbele kabisa ya propela: tundu dogo linalotazama kule boti inakokwenda.

Hicho ndicho kipokezi. Hakina sumaku wala gurudumu, ingawa vipo vya aina hiyo pia. Boti ikikimbia, maji yanajisukumiza kwenye tundu, yanabana hewa iliyo ndani ya mpira, hewa inasukuma kijisahani ndani ya geji, mshale unapanda. Geji ya mwendo ya boti kama hii kwa kweli ni geji ya presha iliyoandikwa namba za mwendo.

Hesabu yake ni nzuri, na mwalimu wangu wa fizikia angefurahi kuona bado naikumbuka. Presha inapanda kwa mraba wa mwendo. Kwa kilomita 10 kwa saa, msukumo wa maji unatosha kuinua maji kwenye mrija kiasi cha sentimeta 39. Kwa 20, mara nne yake, karibu meta 1.6. Kwa 32, kama meta 4. Ndiyo maana geji hizi zinasinzia boti ikienda polepole na kuchangamka ikikimbia.

Utafutaji wa tatizo nao ni rahisi, mradi uwe na subira. Nilichomoa mpira nyuma ya geji, nikaweka mdomo kwenye pua ya geji na kupuliza taratibu. Mshale ulipanda mpaka 13. Pumzi yangu yote, basi, ni boti ya kilomita 13 kwa saa. Nikaziba kwa ulimi, mshale ukabaki palepale. Geji nzima. (Usijaribu hapo kwa kompresa. Utaiua.) Tatizo liko chini.

Nikaunganisha pampu ya baiskeli kwenye mpira, nikasukuma kuelekea mashine. Hewa ilitoka kwenye tundu la mguuni kwa shida, kama mtu mwenye mafua, na wakati huohuo nikasikia mluzi mwembamba karibu na sikio langu. Nikapaka povu la sabuni kwenye mpira. Sentimeta chache kutoka kwenye geji, pale ambapo jua la mchana linapenya kioo cha mbele, povu likachemka. Mpira ulikuwa na ufa.

Nikarudi chini na waya mwembamba wa breki ya baiskeli. Tundu lilitoa kwanza matope makavu, halafu uzi, halafu uzi mwingine mweusi wenye manyoya madogo pembeni kama unyoya wa kuku. Nikauweka kwenye kiganja. Mvuvi aliyekuwa amekaa kwenye gogo akinitazama alisema bila kunyanyuka: "Gugu hilo."

Ulikuwa mzizi wa gugu maji.

*

Kabla ya kuufuata mzizi huo ulikotoka, inafaa kumtaja aliyebuni mrija wenyewe, maana kuna jambo katika habari yake ambalo mjomba hakuambiwa na mtu.

Mwaka 1732 Mfaransa Henri Pitot alieleza mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris kifaa chake: mrija wa kioo uliokunjwa chini, mdomo wake ukielekezwa kwenye mkondo wa mto. Maji yanaingia, yanapanda ndani ya mrija, na kimo chake kinakuambia kasi. Alikipima katika mto Seine. Wakati ule wapo wataalamu waliofundisha kuwa mto unakwenda kasi zaidi kadiri unavyozama, na hoja zao zilikuwa ndefu na za kisomi. Pitot alizamisha mrija, akaona kinyume: chini mto unapungua mwendo.

Kwa hiyo chombo hiki kilizaliwa kwa ajili ya mto. Aliyesimama ni mwenye mrija, na aliyepita ni maji. Kukiweka kwenye chombo cha majini ni kukigeuza: sasa maji yanatulia na mrija ndio unaokimbia. Lakini mrija wenyewe haujui tofauti. Haujui nchi kavu iko wapi, haujui boti imetoka kisiwa gani. Unajua kitu kimoja tu, nguvu ya maji yanayoupiga usoni, na hata hicho unakijua kama njia yake ni safi.

Mabaharia wa zamani wa Ulaya walipima kwa njia ambayo mtu angeweza kuishika. Walitupa nyuma ya meli ubao mdogo uliofungwa kamba yenye mafundo, mtu mmoja akageuza chupa ya mchanga ya sekunde 28, mwingine akahesabu mafundo yanayomtoka mkononi. Kati ya fundo na fundo kulikuwa na futi 47 na inchi 3, karibu meta 14.4. Ukigawanya kwa sekunde 28 unapata zaidi kidogo ya nusu meta kwa sekunde, yaani noti moja, ambayo leo ni meta 1,852 kwa saa. Kamba ikikatika unaona. Fundo likinasa kidole unasikia uchungu. Mrija wa Pitot ukiziba, hausemi.

Marubani wanalijua hili kuliko wavuvi, kwa kuwa mrija uleule umo kwenye ndege. Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya Boeing 757 iliruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikaanguka baharini na kuua watu wote 189. Wachunguzi walihitimisha kuwa mrija mmoja ulikuwa umeziba, na mshukiwa mkuu alikuwa nyigu wa matope aliyejenga ndani yake wakati ndege imeegeshwa. Rubani alikuwa na geji iliyosema hivi na geji nyingine iliyosema vile, gizani, juu ya maji. Miezi mitatu baadaye, Mei 21, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Ile haikuwa habari ya geji, ilikuwa ya watu kuzidi na meli kukosa uwiano, lakini tangu siku hiyo nahodha wa ziwa letu akipata ajali hasikilizwi kwa subira. Kila familia ya Kagera inamjua mtu aliyekuwa na tiketi.

*

Sasa mzizi.

Gugu maji si mwenyeji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilisafirishwa duniani kwa ajili ya maua yake, ambayo kwa kweli ni mazuri, ya zambarau. Katika Ziwa Victoria lilianza kuandikwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Mlango mkuu lililoingilia ni mto Kagera, ambao uliendelea kulisomba kutoka mabwawa na vinamasi vya juu, Rwanda na Burundi. Ziwani lilikuta maji yaliyokwisha kurutubishwa na mbolea na uchafu wa miji, likanenepa. Kufikia 1998 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta, bandari zikafungwa, meli zikanasa. Walioletwa kulipunguza ni fukusi wadogo wanaokula majani yake, nao walifanya kazi. Likapungua. Halikuisha.

Na Kagera huo, kabla ya kufika ziwani, unapita kwetu. Si Kibimba yenyewe, bali Ngara: maji ya Ruvubu kutoka Burundi yanakutana na ya Nyabarongo kutoka Rwanda, na mara tu baada ya hapo mto unajitupa kwenye maporomoko ya Rusumo. Nilikuwa nimesafiri siku nzima kutoka kwetu ili nikute, ndani ya tundu la mashine, kitu ambacho huenda kilipita kwetu kikielea.

Watu wengi walioandikwa vitabuni walipita Rusumo wakiwa na haraka. Mapema Mei 1894 Mjerumani kijana, Gustav Adolf von Götzen, alivuka mto hapo na kuingia Rwanda, akaenda mpaka kwa mwami Rwabugiri, kisha akaendelea magharibi mpaka bahari ya Atlantiki. Baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ndiye aliyekuwa madarakani vita vya Maji Maji vilipoanza. Jina lake likapewa meli iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, na kuunganishwa upya Kigoma. Julai 1916 mafundi wa Kijerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini kwanza waliipaka mashine zake grisi nzito kila mahali. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mashine zilikuwa bado zinafaa. Ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Kila fundi niliyewahi kufanya naye kazi anaipenda habari hiyo ya grisi, na hakuna hata mmoja aliyemkumbuka Götzen.

Miaka 100 kasoro siku chache baada ya Götzen kuvuka kwenda, wengine walivuka kuja. Aprili 28 na 29, 1994, watu wapatao 250,000 walipita daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya muda wa kama saa 24. Kambi iliyojengwa haraka iliitwa Benaco, kwa jina la kampuni ya barabara iliyowahi kupiga kambi hapo. Kwa siku chache kijiji cha mpakani kikawa mji mkubwa kuliko karibu miji yote ya Tanzania.

Mjomba alikuwa na miaka 19. Alienda Rusumo kama vijana wengi, kutazama, kisha kubeba mizigo na maji kwa malipo kidogo. Kuhusu watu waliovuka huwa anasimulia: godoro kichwani, mbuzi, mzee kwenye baiskeli. Kuhusu mto hasimulii. Ninachojua ni kile kinachojulikana na wote, kwamba waliosimama darajani wiki zile waliona miili ikishuka kutoka juu, ikirushwa na maporomoko, ikiendelea. Ilifika ziwani. Upande wa Uganda, Kasensero, Lambu na Ggolo, wavuvi na wanakijiji waliitoa majini na kuizika kwa maelfu, na makaburi yapo. Kwa muda watu wengi kuzunguka ziwa walikataa kula samaki.

Mwaka uliofuata mjomba alienda kuwa mvuvi. Nimewahi kumuuliza iliwezekanaje, akiwa ameyaona hayo. Alijibu kuwa ziwani angalau maji hayajui yanakokwenda.

*

Nirudi mwaloni. Nilikuwa na vitu viwili mkononi, mzizi na mpira wenye ufa, na nilidhani nimemaliza. Nikamwita mwenye boti. Alitazama, akasema neno ambalo sikulitegemea: "Hayo matope ni ya ufukweni. Boti imeburutwa hapa miezi minne."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Sikuweza kuthibitisha kuwa mzizi uliingia kabla ya mwamba. Ungeweza kuingia wakati wa kuivuta nchi kavu, kwenye yale majani yaliyolundikana ufukweni mwaka ule. Maana 2020 ziwa lilipanda kuliko wakati wowote tangu kupimwa kwake kuanze, likameza fukwe, likang'oa visiwa vya majani na kuvitembeza. Ndilo pia lililoufunika mwamba wenyewe. Wazee walisema miaka mingine ungeuona kichwa chake.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa huzuni tu. Kuna kitu katika fizikia kilikuwa hakikai. Tundu lililoziba nusu, peke yake, halidanganyi. Linachelewa tu. Maji yanapenya polepole, presha inajaa polepole, na mshale mwishowe unafika panapostahili, kwa kuwa ndani ya mpira hakuna kinachotoka. Kwa mwendo wa dakika 42 ungekuwa umefika zamani. Na ufa peke yake, tundu likiwa wazi, unadanganya kidogo tu, kwa sababu kinachovuja kinafidiwa mara moja. Vikikutana viwili ndipo balaa. Ni kama mtungi unaojazwa kwa kijiko huku umetoboka chini: haujai, na wala haukauki. Unatulia kwenye kimo cha uongo. Mshale unasimama imara kwenye namba isiyo kweli, hautetemeki hata, na nahodha anautazama na kutulia nao.

Asubuhi nilirudi kwenye dashibodi kutafuta umri wa ufa. Sikujua natafuta nini mpaka nilipokiona. Chini ya ule ufa, kwenye ubao mweupe wa ndani, kulikuwa na mchirizi wa kahawia ulioshuka kama chozi, na mwishoni mwake skrubu moja iliyoliwa na kutu. Skrubu nyingine sita za mstari huohuo zilikuwa zinang'aa. Maji yalikuwa yamepanda kwenye mpira na kudondoka hapo muda mrefu sana. Boti iliyo juu ya mchanga haisukumi maji mpaka kwenye dashibodi. Huo mchirizi ulifanyika ziwani, boti ikikimbia, na kwa kutu ile haukuwa wa wiki moja. Ulikuwapo kabla mjomba hajapewa funguo.

Boti iliposhushwa majini, nilifanya jaribio. Tundu safi, ufa nimeuacha: simu ikisema 30, geji ilisema 26. Nikakata kipande kibovu, nikaweka mpira mpya na klipu mbili. Simu 30, geji 29. Nikaiacha hiyo moja, ziwa lina mawimbi. Sikujaribu kuurudisha mzizi kwenye tundu, na hata ningejaribu nisingeweza kuupanga kama ulivyokuwa, ikiwa ulikuwapo.

Lakini kipimo kimoja kilikuwapo tangu mwanzo na hakuna aliyekisoma. Ni mwamba. Mahali ulipo panajulikana, kilomita 22 na kidogo kutoka kambini. Dakika 42 nazo zilijulikana, kwa sababu mkunga aliyekuwa kwenye boti alikuwa akihesabu uchungu wa yule mama kwa saa yake ya mkononi, na aliandika. Gawanya: 32 kwa saa. Kikao kilitumia hoja hiyohiyo kumhukumu, kwamba alikimbiza. Ni kweli alikimbiza. Swali ambalo hawakuuliza ni kama alijua.

Mwenye boti alinisikiliza mpaka mwisho. Akaitazama ile skrubu kwa muda. Halafu akasema mlevi angeweza kuvunja boti hata kwa geji nzima, akanilipa nauli na pesa ya mpira, na kuniomba niangalie pia geji ya mafuta.

*

Nilimkuta mjomba Kibimba, anapunguza machipukizi ya migomba. Nikamwamkia, nikakaa kwenye shina lililoangushwa, nikamweleza yote: tundu, ufa, mchirizi, 32. Nilikuwa nimebeba kile kipande cha mpira kwenye mfuko wa shati. Alikipokea, akakikunja pale penye ufa, ukafunguka kama jicho.

"Mjomba," aliniambia, maana na yeye huniita hivyo, "mimi nilisikia."

"Ulisikia nini, mjomba?"

"Mashine. Ilikuwa inalia kuliko ishirini. Sikio liliniambia hii ni mbio. Nikatazama geji, geji ikasema ishirini. Mara tatu nilitazama." Akaendelea kukata chipukizi. "Nikasema labda ndivyo zinavyolia za kisasa."

Hili hakulisema kwenye kikao. Alisema hakuona namna ya kulisema bila kuonekana mjinga, na kati ya mjinga na mlevi, mlevi hupata kazi tena.

Wiki ile nilikuwa na safari ya Rusumo, akaomba twende wote. Sikumuuliza kwa nini. Daraja la sasa ni jipya, lilizinduliwa 2016, na mtu anaruhusiwa kutazama mto kutoka upande wetu asipokaa sana. Chini maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, kama kawaida yake. Vifungu vya majani vilikuwa vinashuka, vingine vidogo kama sahani, vingine vikubwa, na kimoja kilikuwa na ua la zambarau limesimama katikati.

Mjomba alichagua hicho. Alikionesha kwa kidole kilipolingana na jiwe la juu, akaanza kuhesabu kwa Kihangaza, kwa sauti ya chini, macho yakikifuata hadi kilipofika ukingo wa poromoko na kupotea kwenye povu. Aliishia ishirini na nne. Akaniuliza kutoka jiwe lile mpaka pale ni meta ngapi. Nikamwambia labda sitini.

Akawaza kidogo. "Basi huo unakimbia kama boti yenye watu," akasema, akarudi kwenye gari.

Nilikokotoa nikiwa nimekaa nyuma yake. Ilikuwa kilomita 9 kwa saa.